Maisha ya Bwana Alfred Büchi, Aliyeupa Moshi Kazi

Msomaji mpenzi, kama umepata kusimama kando ya barabara kuu hapa Samuye wakati wa jioni, ukayatazama malori yatokayo Tinde kwenda Shinyanga na Mwanza, bila shaka umeusikia mluzi mwembamba utokao ndani ya injini kila dereva anapokanyaga mafuta. Wanafunzi wa kidato cha kwanza hupenda kuuiga mluzi ule wakiwa mstari wa chakula. Ule ni mluzi wa tabo. Kila mtu analijua jina la tabo, na wako wenye magari ambao huliandika nyuma kwa herufi kubwa hata kama gari halina. Lakini ukiuliza ni nani aliyeibuni, hupati jibu.

Mimi nami sikumjua mpaka baada ya likizo ya Desemba iliyopita, nilipomtia Mjomba wangu hasarani. Na kwa kuwa hasara ile ndiyo iliyonifanya nimtafute mtu huyu, sina budi kuieleza kwanza, ingawa naona haya.

Mjomba anakaa Nyarugusu, Mkoa wa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Ana motokaa ndogo ya familia, ya silinda nne. Jumapili hutupeleka sote kanisani, na siku nyingine huwachukua wachimbaji wadogo na mizigo yao. Ni motokaa nzuri, ila ikishashiba watu na magunia, ikifika kwenye kilima hulia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba tabo huiongezea injini nguvu bila kuibadili injini yenyewe, basi nikamshauri afunge. Mjomba huamini kwamba mtu asomaye fizikia hawezi kukosea. Aliuza ng'ombe wawili aliokuwa amewatenga kwa mahitaji yangu ya kidato cha tano, akanunua tabo iliyotumika, iliyong'olewa katika gari bovu, na fundi mmoja akaifunga kwa muda wa siku mbili.

Siku ya kwanza tulipanda kilima kwa gia ya tatu, na Mjomba akacheka peke yake njia nzima. Siku ya tano, kwenye kilima kile kile, injini ilianza kugonga, ikatoa moshi mwingi, ikazima. Ilipofunguliwa, pistoni mbili zilikuwa zimetoboka kama chungu kilichopigwa jiwe. Mafundi wakasema kwa neno moja kwamba injini imenoki. Hakuna mtu nyumbani aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa fizikia. Badala ya kunipa jibu, aliniagiza nisome habari za mtu aliyeianza kazi hiyo, na hasa nitazame ni wapi yeye mwenyewe alishindwa. Hayo ndiyo niliyoyapata.

Alfred Büchi alizaliwa tarehe 11 Julai, mwaka wa 1879, katika mji wa Winterthur, nchi ya Uswisi. Nchi ile haina bahari, na imejaa milima yenye theluji. Winterthur ulikuwa mji wa viwanda, na baba yake alikuwa mkubwa katika kiwanda cha Sulzer, kilichotengeneza mitambo mikubwa ya mvuke na baadaye injini za dizeli. Basi kijana huyu alikulia katika mlio wa mashine kama sisi tunavyokulia katika mlio wa ng'ombe. Mwaka wa 1899 aliingia chuo kikuu cha ufundi cha Zürich, akasoma uhandisi wa mitambo, akamaliza mwaka wa 1903. Kisha akaenda kufanya kazi Ubelgiji na Uingereza ili ajionee jinsi wengine wanavyotengeneza mitambo yao.

Katika miaka hiyo injini za petroli na dizeli zilikuwa changa. Jambo moja lilimsumbua Büchi. Ukichoma mafuta ndani ya injini, sehemu ndogo tu ya nguvu yake ndiyo inayozungusha magurudumu. Nyingine hupotea katika maji ya rejeta, na nyingine nyingi hutoka na moshi kwenye ekzosi. Moshi ule una joto kali na mwendo wa kasi. Weka mkono nyuma ya lori utaamini. Watu wote waliuona kama takataka. Büchi aliuona kama maporomoko ya maji ambayo hakuna aliyeyawekea kinu.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana bila jambo hili maisha ya mtu huyu hayaeleweki. Nguvu ya injini haitoki katika mafuta peke yake. Ili kilo 1 ya petroli iungue vizuri inahitaji karibu kilo 15 za hewa. Kumwaga mafuta zaidi ni rahisi, hata mtoto anaweza. Kazi ngumu ni kuingiza hewa zaidi, kwa sababu injini ya kawaida huvuta pumzi yake yenyewe, na silinda ikijaa imejaa. Ukitaka nguvu zaidi kwa njia ya zamani, utajenga injini kubwa zaidi, na injini kubwa ni nzito na hula mafuta mengi. Njia ya pili ni kuisukumia injini hewa kwa pampu. Mjerumani Gottlieb Daimler alikuwa amekwisha kuifikiria pampu ya namna hiyo mwaka wa 1885, lakini pampu yake ilizungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo sehemu ya nguvu iliyopatikana ililiwa na pampu.

Wazo la Büchi lilikuwa kwamba pampu izungushwe na moshi. Weka gurudumu dogo lenye mapanga kama ya pangaboi katika njia ya moshi, nalo litazunguka. Litie katika mhimili mmoja na gurudumu jingine lililo upande wa hewa safi, nalo litavuta hewa na kuisukuma ndani ya silinda. Moshi unaotupwa unaiingizia injini pumzi. Tarehe 16 Novemba, mwaka wa 1905, akiwa na umri wa miaka 26, aliliandikisha wazo hilo Ujerumani ili liwe mali yake.

Nilipofika hapo nilidhani hadithi imekwisha, na kwamba tangu hapo alikuwa tajiri. Sivyo. Tangu aandikishe wazo lile mpaka lilipofanya kazi sawasawa ilipita miaka 20.

Mchoro wake wa kwanza ulikuwa mgumu mno. Pampu, injini na gurudumu la moshi vyote vilikaa katika mhimili mmoja, kila kimoja kikimlazimisha mwenzake kwenda kwa mwendo wake. Tena vyuma vya wakati ule havikuweza kustahimili joto la moshi. Mwaka wa 1909 alirudi nyumbani Winterthur akaingia kiwanda cha Sulzer, akapewa kazi ya utafiti wa injini za dizeli. Kuanzia mwaka wa 1911 alijenga mitambo ya majaribio. Mwaka wa 1915 aliionyesha injini yenye tabo iliyokusudiwa kwa ndege, ili isikose pumzi angani ambako hewa ni nyepesi. Haikudumu, na haikukubaliwa. Nadhani wako waliomwona kama mtu aliyeng'ang'ania jambo lisilowezekana, na kwa macho ya miaka ile huwezi kuwalaumu.

Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inapiganwa, na wengine walilishika wazo hilo hilo. Ufaransa alikuwako Auguste Rateau, aliyejaribu tabo katika injini za ndege. Marekani alikuwako Sanford Moss. Mwaka wa 1918 huyu Moss aliipakia injini ya ndege katika lori, akaipandisha mpaka kilele cha mlima uitwao Pikes Peak, wenye urefu wa mita 4,300 hivi, yaani unapungukiwa kidogo na Meru wetu. Huko juu injini bila tabo ilikuwa imepoteza karibu theluthi moja ya nguvu zake. Ilipofungiwa tabo, nguvu zote zilirudi. Jambo hili latuhusu hata sisi, maana Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na motokaa isiyo na tabo hapa kwetu huwa imekwisha kupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu iliyo nayo Dar es Salaam, kabla hata hujaipakia gunia moja.

Büchi hakuacha. Hata mwaka wa 1925 ulipofika, alikuwa amekwisha kutambua mambo mawili ambayo, kwa maoni yangu, yana thamani kuliko wazo lake la kwanza. La kwanza, moshi hautoki kama mto. Hutoka kwa mapigo, kila silinda na pigo lake, na mapigo hayo yakikutana katika bomba moja huzuiana. Basi akayatenga mabomba, silinda zisizogombana zikatumia bomba moja, na kila pigo likalifikia gurudumu likiwa na nguvu yake. La pili, akaziacha vali za kuingiza hewa na za kutoa moshi zifunguke pamoja kwa kitambo kidogo, ili hewa safi ipite kwa nguvu, iufagie moshi uliobaki na kuzipoza pistoni na vali. Mtu aliyekuwa ameshindwa na joto kwa miaka 20 alijifunza kuipoza injini kwa ile ile hewa aliyokuwa akiiingiza. Majaribio yakaonyesha kuwa injini ile ile, bila kuongezwa ukubwa, imepata nguvu zaidi kwa asilimia 40 hivi.

Mwaka wa 1926 aliunda ushirika na kampuni mbili za Uswisi. Brown Boveri ilitengeneza tabo, kiwanda cha magari ya moshi cha Winterthur kilitoa injini za majaribio, na Büchi akashika uhandisi na wateja. Miaka hiyo meli mbili za Kijerumani za abiria, Preussen na Hansestadt Danzig, zilitiwa injini za dizeli zenye silinda kumi pamoja na tabo za Büchi, na nguvu ya kila injini ikapanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500. Tangu hapo wenye meli hawakuhitaji kuambiwa tena. Zikafuata injini za treni na za kuzalisha umeme, na mwaka wa 1938 kampuni ya Saurer, ya Uswisi pia, ikatoa lori lenye tabo. Kila lori linalopiga mluzi hapa Samuye linatokana na lile, na hata yale makubwa ya kubeba mawe katika migodi ya Geita hayana pumzi nyingine.

Habari za nyumbani kwake sikuzipata nyingi, nami sitaki kuzibuni. Alifariki Winterthur, mji ule ule aliozaliwa, tarehe 27 Oktoba, mwaka wa 1959, akiwa na umri wa miaka 80. Hakuiona hata motokaa moja ya familia yenye tabo ikiuzwa dukani. Zilitokea miaka mitatu baadaye.

Na hapa ndipo nilipomkuta Mjomba wangu, ingawa ni katika nchi ya Marekani na mwaka wa 1962. Mwaka ule kampuni ya General Motors ilitoa motokaa mbili zenye tabo. Moja iliitwa Oldsmobile Jetfire, yenye injini ya lita 3.5 na nguvu za farasi 215. Wahandisi waliiachia injini mgandamizo mkubwa wa 10.25 kwa 1, ambao wafaa injini ivutayo hewa yenyewe. Ukiongeza hewa ya tabo juu ya mgandamizo kama huo, petroli hushika moto kabla ya wakati wake na kuipiga pistoni ikiwa bado inapanda. Huko ndiko kugonga tulikokusikia. Wao walijua hatari hiyo, wakaweka chupa ya maji yaliyochanganywa na methanoli ili mchanganyiko ule unyunyizwe ndani na kupoza. Lakini wenye magari walisahau kuijaza chupa. Chupa ikikauka, gari hupunguziwa nguvu ili lisiharibike, na wenyewe wakalalamika kwamba wameuziwa nguvu zisizokuwapo. Baada ya mwaka wa 1963 motokaa hiyo haikutengenezwa tena, na wengi walirudi gereji wakang'olewa tabo, wakafungiwa kabureta ya kawaida.

Walioweza ni Saab wa Sweden. Motokaa yao Saab 99 ilikuwa ya familia kabisa, yenye injini ya lita 2 na nguvu za farasi 118. Mwaka wa 1977 waliionyesha ikiwa na tabo na nguvu 145. Hawakuifunga tabo juu ya injini kama mtu avaavyo kofia. Walipunguza mgandamizo hadi 7.2 kwa 1, wakaweka mlango mdogo wa kuupunguza moshi pindi msukumo uzidipo kiasi, na mafuta yakapimwa kulingana na hewa. Nilipoisoma orodha hiyo niliiweka kando ya orodha ya mambo tuliyoyafanya Nyarugusu, na yetu ilikuwa na jambo moja tu.

Wapenzi wa mashindano watataka niitaje Safari Rally, nami siwezi kuwanyima. Mwaka wa 1984 Björn Waldegård aliishinda Safari kwa Toyota Celica yenye tabo, na Toyota ikashinda tena 1985 na 1986. Mwaka wa 1988 na 1989 Miki Biasion alishinda kwa Lancia Delta, ambayo asili yake ni kigari kidogo cha familia, nao wakakitia tabo na kukizungusha magurudumu yote manne. Mwaka wa 1994 Ian Duncan wa Kenya naye alishinda kwa Celica yenye tabo. Lakini msisahau kwamba mwaka wa 1974 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliishinda Safari kwa Mitsubishi Lancer ya 1600 isiyo na tabo, akamwacha huyo huyo Waldegård katika nafasi ya pili, naye akiwa ndani ya Porsche. Njia ilikuwa matope. Jambo hili nimelitaja kwa sababu Mjomba hupenda kulisikia, na siku hizi nina sababu ya kumfurahisha.

Likizo ya Aprili nilikwenda Nyarugusu nikiwa na daftari. Nilimwamkia Mjomba, nikaomba ruhusa ya kumweleza makosa yangu. Tulikaa chini ya mwembe, na injini iliyonoki ilikuwa bado imelala pale juu ya magogo. Nilimwonyesha kwamba injini yake ilikuwa na mgandamizo mkubwa, tusiupunguze. Kwamba hewa iliongezeka na mafuta yakabaki yale yale, kwa hiyo moto ukawa mkali kupita kiasi. Na kwamba hewa ikisukumwa na tabo hupata joto, na sisi hatukuweka cha kuipoza. Nilimweleza pia kwamba mhimili wa tabo ndogo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili, na kwamba ndiyo sababu madereva wa malori huiacha injini iungurume kidogo kabla ya kuizima. Sisi tulikuwa tukiizima papo hapo, ili kuokoa petroli.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza huyo Mswisi alichukua muda gani mpaka ikakubali. Nikamwambia miaka 20. Akahesabu kwa vidole, akasema kwamba yeye alijaribu siku tano tu, na ng'ombe wawili si bei kubwa sana kwa mtu asiye Mswisi. Mama Mkubwa, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, hakukubaliana na hesabu hiyo.

Motokaa sasa ina injini nyingine iliyotumika, ya namna ile ile ya kwanza, bila tabo. Ameibadilisha chujio la hewa, plagi na matairi, na hapakii tena zaidi ya watu watano. Kilima anakipanda kwa gia ya pili. Habari za kidato cha tano bado hazijakaa sawa, lakini Mjomba amesema ndama wawili wamezaliwa Januari.

Ile tabo nilipewa nije nayo shuleni. Iko juu ya meza ya maabara ya fizikia, imeoshwa kwa mafuta ya taa. Upande wa moshi bado mweusi, upande wa hewa unang'aa. Ukiupulizia kwa mdomo upande mmoja, ule wa pili nao huzunguka, na kidato cha kwanza hupanga foleni kila siku ya Jumamosi ili wajaribu.